Peugeot ya mzee na msiba wa Pangani

Nyie mnaotumiana picha za mikweche ya baba zenu mkidhani mmeteseka sana, eti kioo hakipandi, eti siti imechanika, tulieni kwanza niwape habari za Peugeot 504 ya mzee wangu pale Tanga. Steshen wagon nyeupe, siti mistari mitatu, gia iko juu pale pale kwenye usukani, na ole wako uicheke mbele yake, anakuanzishia: "Gari hii imeshinda Safari Rally 1975, ikashinda tena 1978!" Sawa mzee, ila iliyoshinda siyo hii ya kwako, ya kwako kufika sokoni tu mpaka tuisukume.

Na wala injini haikuwa na shida, ile injini chuma kweli. Shida alituletea fundi waya mmoja wa mtaani, kaitwa kurekebisha taa, kakata huku kaunga kule kazungushia tepu, kachukua hela yake kaondoka. Tangu siku hiyo ukikata kona ya kushoto honi inalia. Kulia haina neno. Kushoto, piiiiiii, mpaka urudishe usukani, kumbe kuna waya umechubuka huko ndani unagusa chuma. Mtu mwingine angemrudia fundi amkabe koo, mzee yeye akabadilisha njia! Wanaoijua Ngamiani wananielewa, zile barabara za namba zimenyooka zinakatana, basi mzee akitaka kuingia kushoto anaipita ile barabara, anakata kulia, kulia tena, kulia tena, anatokea pale pale alipokuwa anataka, na ukimuuliza anakwambia "nilikuwa naangalia mtaa". Kipilefti ndo hakisogelei kabisa, kile unaingia kushoto unatoka kushoto.

Sasa siku moja ikaja simu, babu mmoja upande wake kafariki Pangani, mazishi baada ya Alasiri. Tukajazana, mzee na mjomba mbele, shangazi na sufuria lake siti ya kati, mimi na madogo nyuma kabisa na magodoro. Barabara ya Pangani enzi hizo vumbi tupu na kona kibao, kila kona ya kushoto piiii, kuku wanaruka, na tulipofika Boza watoto wakatoka mbio wanashangilia wakidhani harusi, shangazi wa watu akawa anawapungia mkono huku analia.

Tunaingia Pangani, jeneza limeshatoka. Watu kwa miguu, kanzu tupu, tahlili inasikika, na njia ya makaburini iko wapi? Kushoto. Mzee hakusema kitu, akanyoosha mbele atafute zile kulia zake, bhana Pangani ukinyoosha mbele unakutana na mto! Ng'ambo ni Bweni, enzi hizo mpaka upande pantoni. Akageuza pale polepole, akarudi, akatafuta kila namna, mwisho akasema Bismillah akakata.

Honi ikalia. Safari hii akanyoosha usukani, bado inalia. Akazima gari, bado inalia! Watu wa nyuma ya msafara wakageuka, wakadhani labda kuna mtu mkubwa anawahi kuzika, wakaanza kupisha, wengine wakatupigia ishara tupite. Tupite twende wapi, tumpite marehemu?

Mjomba anapiga kelele "chomoa betri!" Mzee anataka spana namba 10, spana namba 10 iko chini ya siti ya kati, juu ya siti kuna shangazi, juu ya shangazi kuna sufuria, na mlango wa upande wake haufunguki kwa ndani. Nikapita dirishani, nikamfungulia kwa nje, akashuka na sufuria kichwani, kasimama katikati ya njia na honi nyuma yake inamlilia utadhani anatambulishwa ukumbini. Mzee kafungua boneti, mikono inamtetemeka, spana inateleza, cheche moja tah, halafu piiii… pi. Kimya.

Hapo ndo kijana mmoja, mjukuu wa marehemu kabisa, aliyeshika mguu wa jeneza, mabega yakaanza kumcheza. Akajikaza, akashindwa. Wa jirani yake akaziba mdomo na kofia. Tahlili ikaendelea lakini ilikuwa inayumba yumba, wazee wamekunja sura, vijana machozi yanawatoka na siyo ya uchungu.

Tukazika. Kurudi sasa, gari liko katikati ya njia na bila betri haliwaki, ukirudisha betri honi, basi wanaume wote wa msibani wakakunja kanzu wakaanza kulisukuma hadi uani kwa marehemu, na betri ikaunganishwa dakika ya mwisho kabisa ili liwake, likawaka huku linalia, mpaka sheikh alikuwa anasukuma huku anaziba sikio moja.

Wakati wa kuaga akaja mzee mmoja wa pale, mpole kweli, kamshika baba mkono kwa mikono yote miwili: "Ndugu yangu, tumeshukuru mno kwa kuja kwenu. Arobaini, inshallah, pandeni basi."

Tumetoka Pangani hatuongei. Mbele mbele huko mzee akakohoa kidogo akasema, "Wivu tu ule. Yeye ana baiskeli."