Vidaraja kati ya seli: kinga ya saratani au njia yake?

Ukipita vichochoro vya Lamu utaona nyumba mbili zilizotenganishwa na njia lakini zimeshikana juu, ghorofani, kwa wikio: kidaraja ambacho wenyeji huvuka nyumba hii hadi ile bila kukanyaga barabara. Seli za miili yetu nazo zina vidaraja vya namna hiyo. Protini ziitwazo koneksini hujipanga sita sita kwenye utando wa seli na kufanya nusu ya mrija. Nusu hiyo ikikutana na ya jirani, mrija hukamilika, na vitu vidogo visivyozidi takriban daltoni 1,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupita ndani kwa ndani: ioni za kalsiamu, glukosi, molekuli za kupeleka habari. Protini kubwa na DNA hazipiti. Binadamu ana jeni 21 za koneksini, na nyingi hutajwa kwa uzito wake. Iliyochunguzwa zaidi ni koneksini 43, hiyo hiyo inayosaidia misuli ya moyo kupiga kwa pamoja.

Mwaka 1966 watafiti Werner Loewenstein na Yoshinobu Kanno walipima mawasiliano hayo kwenye maini ya panya. Kipimo chenyewe unaweza kukifuata kwa macho: sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele inachomwa kwenye seli moja, rangi inayong'aa inasukumwa ndani, kisha unasubiri chini ya hadubini. Katika ini zima rangi huenea kwa jirani, na jirani wa jirani. Katika saratani walizozipima, ilibaki pale pale ilipotiwa. Hoja ikazaliwa: seli zenye afya huambizana "tumeshatosha" kupitia mirija, na seli iliyojifungia ndani huendelea kugawanyika kwa kuwa haisikii.

Ushahidi wa kuiunga mkono si haba. Mwaka 1979 ilionekana kwamba kemikali zinazochochea uvimbe, bila zenyewe kuharibu DNA, huziba mirija hiyo. Seli za saratani ya ubongo wa panya zilipopewa jeni ya koneksini 43, kasi yao ya kukua ilishuka. Panya walionyimwa koneksini 32, ambayo ndiyo kuu katika ini, walipata uvimbe wa ini kwa urahisi zaidi.

Mimi hapo ningekuwa nimeshashawishika, kama si jambo la saa. Ukimkata panya theluthi mbili ya ini, sehemu iliyobaki itaanza kukua upya. Mirija hupotea karibu yote, kisha hurudi. Picha inayoipendeza hoja ya Loewenstein. Lakini angalia mpangilio: seli za ini hufikia kilele cha kunakili DNA takriban saa 24 baada ya upasuaji, ilhali mirija hutoweka saa 28 hivi na kuendelea. Yaani seli huwa zimeshaamua kugawanyika ndipo milango ikafungwa. Basi huenda kufunga mlango ni sehemu ya maandalizi ya kugawanyika, kama mtu anavyofunga duka akitaka kuhesabu bidhaa, wala si chanzo chake.

Kisha kuna suala la mkia. Koneksini 43 ina mkia mrefu unaoning'inia ndani ya seli, na protini nyingine huushika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walitia kwenye seli kipande cha mkia peke yake, kisichoweza kutengeneza mrija wowote, na bado ukuaji ulipungua. Kwangu mimi hili ndilo jaribio zito kuliko yote, maana linatenganisha vitu viwili tulivyovichanganya kwa miaka mingi: protini na mlango. Tukisema "koneksini huzuia saratani" huenda tunasema kweli huku tukikosea sababu.

Upande wa pili, unaosema mirija huisaidia saratani, ulipata nguvu mwaka 2016. Seli za saratani ya matiti na ya mapafu zilizohamia kwenye ubongo zilionekana zikijenga mirija ya koneksini 43 na astrosaiti, seli za ubongo zinazozihudumia seli za neva. Saratani hupitisha molekuli iitwayo cGAMP; astrosaiti, zikidhani kuna hatari, humwaga kemikali za kinga, na kemikali hizo huisaidia saratani kukua na kuzistahimili dawa. Katika panya, dawa mbili zilizoziba mirija zilipunguza uvimbe: meklofenamati, ya zamani ya maumivu, na tonabersati, iliyotengenezwa kwa ajili ya kipandauso.

Nashuku wanaobishana hapa hawazungumzii kitu kimoja. Mirija kati ya seli za ini zilizo nzima humweka mwenye kasoro chini ya jicho la jirani zake. Mirija kati ya seli ya saratani na astrosaiti ni mgeni aliyejipenyeza ukumbini. Mgonjwa mmoja wa saratani ya matiti anaweza kuwa na hali zote mbili kwa wakati mmoja, kifuani na kichwani, na kidonge hakijui kimefika wapi.

Hata hivyo anayetaka kuziba kila kitu naye ana haraka. Kuna tiba ya jeni ambayo seli chache za uvimbe hupewa kimeng'enya cha virusi vya herpesi, kisha mgonjwa hupewa gansikloviri. Kimeng'enya huigeuza dawa kuwa sumu, na sumu hiyo huvuka mirija na kuua hata seli ambazo hazikupata jeni. Mirija ikiwa imezibwa, sumu hubaki ilikotengenezwa, na majirani huendelea kugawanyika.