Kikomo cha kodi ya majengo New York: nafuu ya nani?

Mstaafu aliyemaliza mkopo wa nyumba yake hana kosa mtaa ukigeuka wa matajiri. Pensheni ni ileile, lakini bili ya kodi ya majengo inapanda kufuata bei ya nyumba asiyekusudia kuiuza. Utajiri wake uko kwenye karatasi, kodi inadaiwa taslimu. Hoja ya kuweka kikomo inaanzia hapo, na ina uzito.

Jijini New York kikomo hicho kiliwekwa mwaka 1981. Kwa nyumba za familia moja hadi tatu, thamani inayotozwa kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka, wala zaidi ya asilimia 20 kwa miaka mitano. Piga hesabu: nyumba ikipanda bei mara tatu ndani ya miaka kumi, thamani hiyo itakuwa imeongezeka kwa asilimia 44 tu.

Sasa shule, polisi na uzoaji taka vinavyolipiwa na kodi hiyo havisubiri. Kilichobanwa ni thamani. Kiwango cha kodi Baraza la Jiji hukipanga upya kila mwaka ili fedha zinazotakiwa zipatikane. Anachopunguziwa mmoja kinamwangukia mwingine. Ndiyo maana mwenye nyumba Park Slope, Brooklyn, ambako bei zimepaa, anaweza kulipa sehemu ndogo zaidi ya bei halisi ya nyumba yake kuliko mwenye nyumba ya kawaida Staten Island, upande mwingine wa jiji hilohilo. Malalamiko hayo yalifikishwa mahakamani 2017, na 2024 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaruhusu baadhi ya madai dhidi ya jiji yaendelee.

California walibana zaidi. Tangu 1978 thamani hupanda kwa asilimia 2 kwa mwaka, si zaidi, mpaka nyumba iuzwe. Stephanie Nordlinger alinunua nyumba Los Angeles mwaka 1988 kwa dola 170,000, akajikuta analipa karibu mara tano ya majirani walionunua zamani nyumba kama yake. Alishtaki; 1992 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia.

Kwangu mimi, kikomo cha namna hii kinamkinga mstaafu, lakini kinamkinga pia tajiri wa jirani aliyenunua mapema. Afadhali kodi ipimwe kwa kipato, au mzee aruhusiwe kuiahirisha mpaka nyumba itakapouzwa. Wanasiasa wanaliogopa hilo la pili, kwa sababu deni litawakuta warithi, na warithi nao wanapiga kura.