Uhura Alistahili Kurudi

Kila inapotangazwa kwamba mhusika wa zamani anarudishwa katika tamthilia mpya ya bunilizi ya kisayansi, watazamaji wengi huguna, nami mara nyingi huwa miongoni mwao, kwa sababu wahusika wa aina hiyo aghalabu hurudishwa kwa ajili ya jina tu, wakati hadithi yao ilikwisha kusimuliwa ikakamilika. Hata hivyo, naamini wapo wahusika ambao kuwarudisha ni kulipa deni. Uhura wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za angani, ni mmoja wao.

Tamthilia ya kwanza ilipoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha NBC tarehe 8 Septemba 1966, Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, alikuwa afisa wa mawasiliano katika chumba cha uongozi cha chombo cha angani Enterprise. Kumwona mwanamke Mweusi, Mwafrika ambaye hata jina lake limetoka katika neno letu la uhuru, akiwa na cheo na kazi ya kitaalamu, lilikuwa jambo kubwa Marekani ya wakati ule. Nichols mwenyewe alisimulia kwa miaka mingi jinsi alivyotaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na jinsi Martin Luther King alivyomsihi abaki. Heshima hiyo haina ubishi. Lakini tuseme ukweli: katika misimu mitatu ya tamthilia ile, Uhura alipewa kiti bila kupewa maisha. Hatukuelezwa wazazi wake ni nani, kwao ni wapi hasa, wala kilichompeleka angani.

Strange New Worlds, tamthilia mpya ya Star Trek iliyoanza Mei 2022 na inayosimulia miaka iliyotangulia ile ya kwanza, inamrudisha akiwa bado mwanafunzi wa uafisa, na anaigizwa na Celia Rose Gooding. Katika kipindi cha pili anaalikwa chakula cha jioni kwa Nahodha Pike, anafika amevaa sare rasmi kwa kudanganywa na mwenzake, na kuwakuta wengine wamevaa kawaida. Mezani hapo anaulizwa kuhusu maisha yake, naye anaeleza kwamba anajua lugha 37, kwamba alikusudia kusoma Chuo Kikuu cha Nairobi, na kwamba wazazi wake na kaka yake walikufa katika ajali ya chombo cha usafiri. Kisha anakiri kwamba hana hakika kama anataka kubaki katika kazi hiyo. Huo ni uamuzi wa busara sana wa watunzi. Sisi tunajua kwamba Uhura hatakufa, maana tumekwisha kumwona katika utu uzima wake, kwa hiyo kumtia hatarini hakutushtui. Kinachotushika ni kutaka kujua ni nini kilichomfanya abaki.

Katika kipindi hichohicho anakwama ndani ya nyotamkia pamoja na Spock, afisa mwenzake kutoka sayari ya Vulcan, na nyotamkia hiyo inaitikia sauti yake anapovumisha wimbo, hadi Spock anaungana naye. Anayekumbuka kipindi cha mwaka 1966 kiitwacho "Charlie X" ataona kilichofanyika hapa. Kule nako Uhura aliimba huku Spock akipiga ala yake, lakini ilikuwa burudani ya mapumziko, na kijana Charlie alipokerwa alimnyang'anya sauti katikati ya wimbo. Sasa sauti ileile imekuwa utaalamu unaookoa watu. Katika filamu ya sita ya Star Trek, ya mwaka 1991, mtaalamu huyuhuyu alioneshwa akipekua vitabu ili aunge sentensi za Kiklingoni, lugha ya taifa la kubuniwa la angani, jambo lililomshushia hadhi. Lugha 37 zinarekebisha kosa hilo pia bila mtu yeyote kulitaja.

Msimu wa pili ulikwenda mbali zaidi, pale majonzi yake kwa mhandisi Hemmer, aliyekuwa mlezi wake kazini, yalipochanganyika na msiba wa familia aliokuwa ameuzika moyoni. Gooding anaigiza bila kumwiga Nichols, na nadhani ndiyo sababu namwamini.

Ninalo lalamiko moja, nalo si dogo. Kipindi cha kwanza kabisa kilituonesha theluji ya Montana nyumbani kwa Pike, kikatupeleka Vulcan kumwona Spock na mchumba wake. Kenya ya Uhura, katika misimu miwili ya kwanza, tunaisikia tu mezani, na watu wake tunawajua kwa vifo vyao. Kumpa mhusika msiba ndiyo njia ya mkato ya kumpa kina, na mwanamke huyu alistahili zaidi: bibi yake aliyemtangulia katika kazi hiyo ya angani, mabishano ya nyumbani, majirani wenye lugha zao alizojifunza akiwa mtoto. Kwa kuwa imekwisha kutangazwa kwamba msimu wa tano utakuwa wa mwisho, ningependa watunzi watenge kipindi kimoja kizima tumwone Nairobi ya karne yake, akiwa miongoni mwa watu walio hai.