Magugu Gani, Bwana Mtangazaji?

Juzi mtangazaji mmoja wa televisheni, akionyesha picha za Waachuar wa mpakani mwa Ekuador na Peru, alitamka kwa sauti ya huruma kwamba watoto wa huko hujiotea tu kama magugu. Binti mdogo alikuwa akimenya muhogo kwa kisu huku mama yake akichimba, na hilo ndilo lililomtia bwana yule simanzi.

Magugu! Katika shamba la Kiachuar, hayo ndiyo yasiyopewa nafasi kabisa. Mwanamume hufyeka msitu na kuangusha miti, kisha shamba huwa la mke, na wakiwa wake wenza kila mmoja huwa na lake, analolipalilia hadi udongo unaonekana kama umefagiliwa. Aking'oa muhogo, hukata kipande cha shina na kukichomeka papo hapo. Mimea hiyo huihesabu kuwa wanawe na huiimbia anent, nyimbo za siri alizorithishwa na mama yake au jamaa wa kike, ili Nunkui, mama wa mazao yote, asimpe kisogo. Tena muhogo wenyewe huaminika kuwa hunyonya damu, hasa ya watoto wachanga, kwa hiyo mtoto haachwi azurure shambani peke yake. Huko ndiko kutelekeza?

Wanacho pia kisa cha zamani za njaa. Nunkui alimkabidhi mwanamke mmoja bintiye, mtoto ambaye akitaja chakula kinatokea: muhogo, ndizi, hata pombe ya muhogo. Siku moja mwanamke huyo alipotoka, watoto wa nyumbani wakamchokoza mgeni wao na kumtupia majivu machoni. Akapanda paani, akaingia ndani ya mwanzi na kutoweka, na shibe ikaondoka naye. Watu wanaosimulia kwamba taabu ya kulima ilianza siku mtoto alipoonewa hawahitaji kufundishwa malezi na mtu aliyekaa studio.

Nasi, ambao muhogo tuliletewa na Wareno kutoka huko huko Amerika Kusini, tuliumenya kabla ya kujua kusoma, na hakuna aliyetulilia.

Sisemi kwamba huko ni peponi. Ndugu zao Washuar waliwahi kuwafukiza pilipili watoto watukutu, jambo nisiloweza kulitetea, na kazi za nyumbani huwaangukia wasichana mapema kuliko kaka zao. Mtangazaji angeyauliza hayo, ningemsikiliza hadi mwisho wa kipindi.