Bastola, spika na ile 0.100

Watu wanaangalia mita 100 pale mwisho, kwenye mstari, mi naangalia mwanzo. Fainali ya Olimpiki ya Paris 2024 Noah Lyles na Kishane Thompson wote waliandikiwa sekunde 9.79, ikabidi waende kwenye desimali ya tatu: 9.784 kwa 9.789. Tofauti ya 0.005 tu! Sasa sauti inaenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ndani ya muda huo inasogea mita 1.7, na leni moja ina upana wa mita 1.22. Fanya mwenyewe hesabu.

Ndo maana bastola ya kizamani ilikuwa na kasoro kubwa. Stata, yaani mwamuzi anayeanzisha mbio, akisimama pembeni ya leni ya 1, aliye leni ya 8 anausikia mlio kama 0.025 baadaye, na kwa spidi za hawa jamaa hiyo ni robo mita hivi imeshapotea kabla hajanyanyua mguu. Alafu wa karibu hasikii mapema tu, anasikia kwa kishindo, na mlio mkubwa unamshtua mtu aondoke haraka zaidi. Mita 400 ndo usiseme, wa leni ya 8 amepangwa zaidi ya mita 50 mbele ya mwenzake wa leni ya 1.

Spika nyuma ya kila bloki (kile kifaa cha kusukumia miguu pale mwanzo) zimemaliza sehemu kubwa ya hilo. Na bastola ya elektroniki yenyewe hailipuki, mlio unatoka kwenye spika, basi hakuna cha kusubiri mlio mwingine. Wanaosema hizo ni mbwembwe na gharama wana hoja kwenye mashindano madogo, pale saa zinabonyezwa kwa kidole, nani atahangaika na 0.025? Ila ukishapima kwa elfu, lazima na mlio uwe wa kiwango hicho hicho.

Wengine wanataka na stata mwenyewe aondolewe, kompyuta ndo ichague muda baada ya "tayari". Hapo sikubaliani nao. Ni kweli mtu anaweza kusoma mapigo ya stata, lakini stata anamwona aliyetikisika na kuwasimamisha wote, kompyuta ingefyatua tu.

Kinachonikera mimi ni ile sekunde 0.100 baada ya mlio. Ukitoka kwenye bloki chini ya hapo unahesabiwa umebahatisha, na tangu 2010 kosa moja tu uko nje. Mashindano ya dunia ya Eugene, Marekani, 2022, Mmarekani Devon Allen aliondoka 0.101 kwenye nusu fainali ya mita 110 kuruka viunzi, sawa kabisa, fainali akaondoka 0.099 wakamtoa. Kwa hiyo siku hiyo hiyo mwili ule ule kwanza ulikuwa halali alafu kwa tofauti ya 0.002 ukawa wa mwizi? Mpaka lazima uwepo, bila huo kila mtu atacheza kamari na bastola, lakini mi ningeifanya 0.100 iwe kengele ya kuangalia video kwanza, sio panga.

Shida ni kwamba ukiacha mlango wa ubishi wanariadha wataupita. Mashindano ya dunia ya Paris 2003 Mmarekani Jon Drummond alipotolewa kwenye mita 100 kwa 0.052 alilala chali kwenye leni yake akigoma kutoka, na hiyo wala haikuwa ya kubishania.