720,720: Namba Isiyomnyima Mtu Fungu

Juzi jioni hapa Lamu nilikaa na mpwa wangu tukimtazama babu yake akigawa pesa za samaki. Elfu kumi na tano, mafungu saba: la chombo, la nahodha, na ya mabaharia watano. Kila fungu likatoka na shilingi 2,142, sita zikabaki mkekani. Mtoto akaniuliza, "Mjomba, hakuna pesa inayogawika sawasawa, hata watu wawe wangapi?"

Kwa idadi yoyote, haipo. Lakini kuanzia mtu mmoja hadi kumi na sita, ipo, na ndogo kuliko zote ni 720,720. Wakiwa saba, kila mmoja anachukua 102,960. Wakiwa kumi na tatu, 55,440. Wakiwa kumi na sita, 45,045. Haibaki hata ndururu.

Nikamwonyesha inavyoundwa. Shika 16, humo 2, 4 na 8 zimo tayari. Zidisha kwa 9, na 3 imeingia. Kisha 5, 7, 11 na 13. Sita, kumi, kumi na mbili, kumi na nne na kumi na tano hazihitaji kuitwa, zinakuja zenyewe. Namba ndogo kuliko zote ya namna hii vitabu huiita kigawe kidogo cha shirika, na watoto wengi hukariri njia yake bila kuona mkeka wala fungu. Hilo linaniuma. Mtoto wa mvuvi anajua kugawa kabla hajajua kuandika. Somo lianzie hapo.

720,720 ina vigawo 240, yaani namba 240 zinazoigawa bila baki, na chini ya milioni moja hakuna inayoipita. Namba za aina hii, zenye vigawo vingi kuliko kila iliyo ndogo kwake, ndizo alizoziandikia Srinivasa Ramanujan, mwanahisabati wa India, mwaka 1915 akiwa Cambridge, Uingereza. Kabla ya hapo alikuwa karani wa bandari ya Madras, ng'ambo ya bahari hii hii yetu. Napenda sana kulikumbuka hilo.

Jambo moja nalipinga waziwazi: kuziita 2, 3, 5, 7, 11 na 13 namba tasa. Kweli, hazigawiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Lakini ndizo zilizoizaa 720,720, na kila namba nzima iliyozidi moja ama ni mojawapo ya jamii yao au imezaliwa nao. Mwenye uzao mkubwa hivyo haitwi tasa. Mimi ningeziita namba mama.

Ukiongeza moja tu ikawa 720,721, basi kuanzia watu wawili hadi kumi na sita, kila mara itabaki shilingi moja.

Mpwa wangu hakuishia hapo. Akajaribu kugawa 720,720 kwa watu kumi na saba, zikabaki tano. Akazidisha yote kwa 17, akapata 12,252,240. Kisha akajaribu kumi na nane, ikagawika bila kuongeza kitu, akakimbia kumwita babu yake aje aone.