The Finger Points: kimya cha ripota na bei yake

Tarehe 9 Juni 1930, ripota Jake Lingle wa gazeti la Chicago Tribune alipigwa risasi ya kisogo katika njia ya chini ya ardhi ya Randolph Street, akienda kupanda treni ya kuelekea kwenye mbio za farasi. Mwaka haukutimia kabla kampuni ya First National haijatoa filamu iliyochota kwenye kisa hicho: The Finger Points, iliyoongozwa na John Francis Dillon kwa hadithi ya John Monk Saunders na W. R. Burnett. Lawama inayoiandama ni kwamba ilimwosha Lingle, aliyekuwa mla rushwa, ikamgeuza maskini wa kuhurumiwa. Wanaoitoa wana hoja zao. Lakini wanaruka kitu ambacho filamu chache za wakati ule zilikieleza kwa uwazi kama hii, yaani jinsi biashara ya kuuza kimya inavyoendeshwa, na nani wengine wanaokula faida yake.

Kisa chenyewe hakina mafumbo. Breckenridge Lee, anayeigizwa na Richard Barthelmess, ni kijana mgeni kutoka majimbo ya Kusini aliyepata kazi kwenye gazeti kubwa la jiji. Jambazi Louis Blanco, ambaye ni Clark Gable, anataka kumlipa asiitaje nyumba mpya ya kamari. Lee anakataa, habari inatoka, polisi wanavamia. Kisha anapigwa na watu wa genge hadi kulazwa. Anatoka hospitali na bili inayomshinda, anaomba nyongeza ya mshahara, mhariri anamnyima. Ndipo anapomwendea Blanco.

Wapinzani wanasema hapo ndipo uongo ulipoingizwa. Lingle hakuwa kijana mgeni. Aliingia Tribune mwaka 1912 akiwa tarishi, akakaa miaka 18. Alikuwa mcheza kamari wa kupindukia, alivaa mkanda wenye kifungo cha almasi alichopewa na Al Capone, mkuu wa genge la Chicago, na alikuwa na akaunti ya hisa ya ubia na kamishna wa polisi, William Russell, ambaye kashfa hiyo ilimng'oa kitini. Ukiweka bili moja ya hospitali mahali pa miaka yote hiyo ya urafiki na ubia, umembadilisha mtu. Tena kanuni za maadili ambazo studio zilijiwekea mwaka 1930 zilikataza kuivuta huruma ya mtazamaji upande wa uhalifu, ingawa hadi mwaka 1934 zilisimamiwa kwa ulegevu.

Halafu kuna hesabu, ambayo ndiyo silaha yao kuu. Mshahara wa Lingle ulikuwa dola 65 kwa wiki, yaani dola 3,380 kwa mwaka. Mapato yake halisi yalikadiriwa kufika dola 60,000 kwa mwaka, karibu mara 18 ya mshahara. Wanauliza: ni njaa gani hiyo inayohitaji kushibishwa mara 18?

Hesabu hiyo lakini ina upande wa pili, na kwangu ndio mzito. Hizo dola 65 aliyezijua vizuri kuliko wote ni mwajiri. Kila siku ya malipo aliziandika mwenyewe kwenye daftari lake. Na mfanyakazi huyohuyo wa dola 65 alikuwa na chumba cha kifahari kwenye Hoteli ya Stevens na gari lenye dereva. Wenzake aliwaambia amerithi mali, wakaridhika. Waliridhika kwa sababu ripota anayeweza kumfikia Capone alikuwa na thamani kubwa kwa gazeti, na gazeti lilimpata kwa dola 65. Tofauti kati ya thamani hiyo na mshahara ililipwa na genge. Ndiyo maana tukio la Lee kunyimwa nyongeza si kisingizio cha kumtetea mwizi. Linaonyesha mahali ambapo gazeti liliwaachia majambazi sehemu ya mishahara ya watu wake. Mshahara mdogo hauelezi dola ya 60,000, hilo nakubali. Unaeleza dola ya kwanza, na filamu haidai zaidi ya hapo, maana Lee akishaonja anaendelea kwa tamaa yake mwenyewe, na hakuna anayemshikia bunduki.

Kazi ya ripota wa aina ya Lingle ndiyo iliyoiwezesha biashara hii. Yeye hakuandika. Alizunguka vituo vya polisi, mahakama na baa za siri, akapiga simu gazetini, na mtu wa dawati akaipanga habari kwa sentensi. Jina lake halikutokea juu ya habari. Kwa mpangilio huo, asichokisema kwenye simu hakiachi alama yoyote: hakuna karatasi iliyofutwa, hakuna mstari uliokatwa ambao mhariri angeuuliza.

Kasoro ya bidhaa hii ni kwamba muuzaji hawezi kuidhamini. Ripota mmoja anaweza kuuza kimya chake, hawezi kuuza cha jiji zima. Katika filamu, habari inayomgusa mkubwa wa genge, anayeitwa Namba Moja, inachapishwa na gazeti lenyewe. Majambazi hawana njia ya kutofautisha aliyewasaliti na aliyeshindwa kuzuia, wala hawaitafuti. Lee anauawa kwa kosa ambalo hata mtu mwaminifu kwa genge angeshindwa kuliepuka. Mantiki hiyo ni kali na ya kweli.

Barthelmess ananipa shida. Alikuwa nyota wa filamu bubu, na hapa anatamka polepole mno, kila neno limewekwa peke yake, hivyo Gable anamfunika wanapokutana. Kuporomoka kwa Lee nako kunaharakishwa.

Lakini itazameni pamoja na Dance, Fools, Dance ya studio ya MGM, iliyotoka mwaka huohuo 1931, Gable akiwa jambazi tena. Humo ripota anayeuawa, Bert Scranton, ni msafi kabisa. Alisikia siri tu. Huko ndiko Lingle alikooshwa kweli, na lawama ingeanzia huko.

Lee anazikwa kama shujaa wa vita dhidi ya uhalifu. Wengine wanauita mwisho huo woga. Kumbukeni basi kwamba Tribune ilimlilia Lingle kama mtu aliyekufa kwa ajili ya kazi yake na kuahidi dola 25,000 kwa atakayefanikisha kukamatwa kwa muuaji, na mwezi haukuisha kabla ukweli wa fedha zake haujafichuka. Na hata hapo, ilibidi ripota wa kutoka St. Louis, Harry Brundidge, aje Chicago kufichua kwamba Lingle hakuwa peke yake katika vyumba vya habari vya jiji hilo.